Mabango ya mgao: kwa nini raia wa Uingereza na Marekani walikubali kula kwa kipimo

Mwaka 1943 mchoraji Herbert Roese alitengeneza bango kwa ajili ya OPA, ofisi ya serikali ya Marekani iliyosimamia bei na mgao wakati wa vita. Linaonyesha bucha. Katika picha ya kwanza mama mmoja anaondoka na mzigo wa nyama, mwenzake amebaki kaunta mbele ya muuzaji ambaye hana tena cha kumkatia. Katika picha ya pili wanawake wawili wana vifurushi vinavyolingana. Maneno yake, kwa Kiswahili, ni haya: mgao maana yake kila mmoja wetu anapata fungu lake la haki. Hakuna bendera wala askari anayekufa, na Hitler hayumo.

Halimwombi mtu ale kidogo. Linamwahidi kwamba jirani mwenye pesa nyingi hatamzidi. Wengi wanaoandika kuhusu mabango haya huyachukulia kama ufundi wa kuteka akili za watu kwa rangi na kaulimbiu, na ni kweli ufundi ulikuwepo. Lakini ahadi ile ya bucha ilihitaji mtu wa kuitimiza Jumamosi asubuhi, na asipokuwepo hata mchoro mzuri kiasi gani haukufua dafu.

Maneno matupu ya 1917

Uingereza iliwahi kujaribu kwenda na mabango peke yake. Mwanzoni mwa 1917 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za ngano kwa kasi ya kutisha, na Lord Devonport, aliyepewa usimamizi wa chakula, akatangaza mgao wa hiari. Kwa wiki mtu asizidishe pauni 4 za mkate (kama kilo 1.8), pauni 2 na nusu za nyama (kilo 1.1) na robo tatu ya pauni ya sukari (gramu 340). Bango moja lilimtaka kila mtu aokoe slesi mbili nene za mkate kwa siku ili aishinde nyambizi. Mwezi Mei Mfalme George V akatoa tangazo, likasomwa makanisani, akihimiza familia zipunguze mkate kwa robo.

Vipimo vile vilipangwa na watu ambao meza zao zilikuwa na vyakula vya aina nyingi. Kibarua wa bandarini alikula mkate zaidi ya pauni 4 kwa wiki kwa sababu mkate ndio aliomudu; zile pauni 2 na nusu za nyama hakuzifikia hata wakati wa amani. Ni kama kumwambia mtu apunguze ugali, ila kuku ruksa, na kuku mwenyewe hana pesa ya kumnunua. Tajiri alitii bila kuumia, maskini akaonekana mkaidi. Kufikia mwisho wa mwaka foleni za siagi na majarini zilikuwa zinaanza kabla ya alfajiri, na serikali ikaachana na hiari. Sukari iliwekwa kwenye kadi mwanzoni mwa 1918, na tarehe 25 Februari zikafuata nyama na siagi kwa London na kaunti za jirani. Foleni zikayeyuka. Maofisa waliorudi kazini mwaka 1939 hawakuwa wamesahau somo hilo.

Kitabu, duka na mkasi

Vita vya pili vilipoanza, Uingereza ilikuwa ikiingiza takriban tani milioni 20 za chakula kwa mwaka, ikiwemo zaidi ya nusu ya nyama yake. Tarehe 29 Septemba 1939 watu wote waliandikishwa, na orodha hiyo ndiyo iliyotumika kutoa vitabu vya mgao: cha hudhurungi kwa watu wazima, cha kijani kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka mitano, cha buluu kwa watoto wakubwa. Mwenye kitabu cha kijani alikuwa wa kwanza kwa matunda, alipata painti ya maziwa (zaidi kidogo ya nusu lita) kila siku na mayai mara mbili ya wengine.

Sehemu iliyobeba mzigo ni ile isiyoonekana kwenye bango lolote. Kila familia ilijiandikisha kwa muuza nyama mmoja na duka moja la vyakula. Wizara ya Chakula ilimpa mwenye duka mzigo unaolingana na idadi ya waliojiandikisha kwake, naye akakata kuponi au kuzigonga muhuri. Ndiyo maana fungu lako lilikuwa linakusubiri hata ukifika jioni. Kasoro yake ni kwamba ulifungwa kwa muuzaji huyo huyo. Akikuchukia, au akiwa na wateja anaowapendelea kwa vitu vya chini ya kaunta, kuhama haikuwa kazi ya siku moja.

Mgao ulianza 8 Januari 1940 kwa vitu vitatu tu: beken au hamu gramu 113 kwa wiki, siagi gramu 113, sukari gramu 340. Nyama iliingia Machi, nayo ilipimwa kwa bei badala ya uzito: shilingi 1 na peni 10 kwa mtu mzima, baadaye ikashuka hadi shilingi 1 na peni 2. Mpango huu ulikuwa wa akili sana. Anayetaka steki anapata kipande kidogo. Mama mwenye watoto watano ananunua nyama ya shingo au ya mbavu na kupata sufuria nzima. Maini, figo na soseji havikuwa na kuponi, na hapo ndipo foleni zilipohamia. Chai ilifuata Julai 1940, gramu 57 kwa wiki. Jibini iliingia Mei 1941 kwa kipimo cha kuchekesha: gramu 28, ukubwa wa kiberiti. Tarehe 1 Desemba 1941 ukaja mfumo wa pointi kwa vyakula vya makopo: kila mtu pointi 16 kwa wiki nne, azitumie atakavyo, na wizara inapandisha au kushusha pointi za kila kopo kulingana na kilichopo ghalani.

Mkate na viazi havikuwekwa kwenye mgao muda wote wa vita, na hilo lilikuwa uamuzi wa makusudi. Mchimba makaa na mwandishi wa ofisini hawali sawa. Ukiwapa gramu zile zile za kila kitu, mmoja atashinda njaa. Kukiwa na kitu kimoja au viwili vya kushibia visivyo na kikomo, vipimo vya vingine huvumilika. Sehemu kubwa ya mabango ya chakula ya Uingereza ni kampeni ya kuwasukuma watu kwenye vyakula hivyo.

Kazi moja kwa bango moja

Tazama mabango kumi ya Wizara ya Chakula na utaona kila moja linabeba agizo moja tu. Bango la mwaka 1942 la Abram Games, mchoraji wa mabango wa jeshi, ndilo mfano ambao wanafunzi wa usanifu hurudia kuuangalia. Umbo ni moja, limegawanyika: upande mmoja ni bapa la sepeto lililochoma udongo, upande wa pili ni tumbo la meli. Maneno yanasema tumia sepeto, si meli. Lima chakula chako mwenyewe. Jicho linaelewa kabla ya kusoma: kila kiazi kinachotoka bustanini kimeacha nafasi ndani ya meli, na meli ndiyo iliyokuwa haba. Games alitumia bomba la kupuliza rangi ili kivuli kilainike pasipo mstari wa brashi, na rangi alizibana ziwe chache, maana kila rangi ya ziada ni kupitisha karatasi kwenye mashine ya chapa mara nyingine, wakati karatasi yenyewe ilikuwa kwa mgao.

Kampeni ya kulima, ile ya chimba upate ushindi, ilikuwa na mashiko kwa sababu iliambatana na ardhi. Halmashauri ziligawa vipande kwenye viwanja vya michezo na bustani za umma, na idadi ya mashamba madogo ya kukodi ilipanda kutoka kama 815,000 hadi takriban milioni 1.4 mwaka 1943. Vijikaratasi vilivyofuatana na mabango vilieleza mwezi kwa mwezi nini kipandwe wapi, ili mtu asivune kabichi zote Agosti kisha Februari akose hata jani.

Halafu kuna karoti. Zililimwa nyingi kuliko watu walivyozipenda, na wizara ikawa na mlima wa karoti wa kumaliza. Ikamchora Daktari Karoti, rafiki wa watoto, mwenye kofia na begi la mganga. Msanii wa studio ya Walt Disney, Hank Porter, akatuma familia nzima ya karoti kutoka Marekani. Wakati huo huo magazeti yalikuwa yanamsifu rubani John Cunningham kwa kuzidungua ndege za Wajerumani gizani, na macho yake makali yakahusishwa na kula karoti. Kilichokuwa kwenye ndege yake ni rada, na rada ilikuwa siri. Mabango yakashika uzi huo: miji iko gizani kwa hofu ya mabomu, kula karoti uone njia. Kuna chembe ya ukweli ndani yake, kwani aliyepungukiwa vitamini A hupata upofu wa usiku na karoti humsaidia. Asiyepungukiwa haongezewi kitu hata akila gunia. Uzushi huu umeishi kuliko wizara yenyewe; hadi leo mzazi wa Kinondoni anamwambia mtoto ale karoti aone vizuri.

Bango peke yake halimfundishi mtu kupika, na wizara ililijua hilo. Yai la unga kutoka Marekani lilipokuja mwaka 1942, pakiti moja ikihesabiwa sawa na mayai 12, picha ya kopo haikutosha. Kipimo ni kijiko kimoja cha chakula cha unga, kikiwa kimesawazishwa, kwa vijiko viwili vya maji. Waliojaza kijiko kwa kilima walipata kitu kama mpira. Waliomimina maji yote mara moja walipata madonge. Dawa ni kuanza na maji kidogo hadi ifanyike rojo laini, kuongeza yaliyobaki, kuiacha dakika chache, kisha kuitumia papo hapo bila kulaza. Maelezo ya namna hii yalipita kwenye matangazo ya kila wiki magazetini, kwenye filamu fupi sinemani na kwenye kipindi cha redio cha BBC cha dakika tano, saa mbili na robo asubuhi, kilichoanza Juni 1940. Bango la ukutani lilikuwa kengele. Mafunzo yalikuwa redioni. Waziri mwenyewe, Lord Woolton, aliyekuwa mfanyabiashara wa maduka makubwa kabla ya kuteuliwa Aprili 1940, alijua kuongea kama mwenye duka anayekuomba radhi kwa kuishiwa. Pai iliyopewa jina lake, ya viazi, karoti, koliflawa na oti, ilibuniwa na mpishi wa hoteli ya Savoy. Watu waliila, na waliidhihaki.

Makosa yalikuwepo. Bango la kwanza kabisa la vita, la 1939, la maandishi meupe kwenye rangi nyekundu, liliwaambia raia kwamba ujasiri wenu, uchangamfu wenu na uthabiti wenu utatuletea sisi ushindi. Watu wakauliza: sisi ndio akina nani? Ninyi mtoe, sisi tupate. Mabango ya chakula yaliyofuata yalikwepa mtego huo; yalisema "sote", au yalimpa mhusika wa katuni kama kiazi Pete aongee badala ya serikali. Yale ya kuaibisha, kama lililosema sahani tupu ni dhamiri safi, yalifanya kazi dhidi ya upotevu mdogo wa nyumbani lakini hayakuweza kuziba tundu la mikahawa. Hotelini mtu alikula bila kuponi, na mwenye pesa alikula mara mbili. Malalamiko yalipozidi, Juni 1942 mlo ukawekewa kikomo cha shilingi 5. Hoteli za fahari zikaongeza ada za huduma juu yake.

Marekani: rangi mbili za stempu

Wamarekani hawakuwa na njaa inayonukia, kwa hiyo kuwashawishi kulikuwa kugumu zaidi. Sukari ilianza Mei 1942, nusu pauni kwa wiki. Kuanzia 1 Machi 1943 vyakula vya makopo viliwekwa kwenye stempu za buluu, pointi 48 kwa kila mtu kwa mwezi, mtoto mchanga sawa na mtu mzima. Mwisho wa mwezi huo nyama, jibini na mafuta vikaingia kwenye stempu nyekundu, pointi 16 kwa wiki. Mama wa nyumbani alikwenda dukani na hesabu mbili kichwani, ya dola na ya pointi, na thamani za pointi zilibadilika kila mwezi. Hapo ndipo Roese alipoitwa na bucha lake.

Bango la Dick Williams la 1944 lina mwanamke anayetabasamu amekumbatia mitungi ya mboga alizohifadhi mwenyewe, akisema pointi hazimsumbui. Ni picha ya furaha inayoficha kazi yenye hatari. Matunda na nyanya, kwa sababu ya uchachu, hutosheka na maji yanayochemka. Maharage mabichi, mahindi na nyama hayatosheki: vijidudu vya botulizimu hustahimili nyuzi 100, hivyo huhitaji sufuria ya presha ifike kama nyuzi 116 za Selsiasi. Chuma kilikuwa kinakwenda viwanda vya silaha na sufuria hizo zikawa adimu, ikabidi vijiji vifungue vituo vya kuhifadhia kwa pamoja. Bango linaonyesha mitungi inayong'aa. Presha haimo.

Somo lililo wazi kuliko yote lipo kwenye mafuta ya kukaangia. Mwaka 1943 Henry Koerner alichora mkono ukimimina mafuta kutoka kikaangoni, chini yake milipuko: hifadhi mafuta uliyokaangia, upeleke kwa muuza nyama wako. Ndani ya mafuta kuna gliserini, na gliserini ndiyo chanzo cha nitrogliserini ya baruti. Bango kali, sayansi sahihi, lakini makopo hayakufika mabuchani kama ilivyotarajiwa, kwa sababu mafuta yenyewe yalikuwa kwenye mgao na mama aliyejaliwa kijiko cha ziada alikipikia. Desemba 1943 serikali ikaanza kulipa kwa pointi nyekundu kwa kila pauni ya mafuta. Sasa kopo la mafuta machafu liliweza kumrudishia mtu kipande cha nyama, na mchoro ukapata miguu.

Kwa walanguzi hapakuwa na pointi za kuwashawishi. Nyama iliyochinjwa kando ya machinjio rasmi na stempu za bandia vilisumbua OPA hadi mwisho. Jibu la mabango lilikuwa kiapo cha dirishani: silipi zaidi ya bei halali ya juu kabisa, sipokei bidhaa ya mgao bila kutoa stempu. Mwenye kukibandika aliangaliwa na mtaa wake, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake.

Ahadi ilipoishia

Waingereza walivumilia vita vyote na mkate huru. Tarehe 21 Julai 1946, amani ikiwa imetimiza mwaka, mkate ukawekwa kwenye mgao: vipande 9 vya hesabu kwa mtu mzima kwa wiki, mkate mkubwa mmoja ukila 4. Ngano ilikuwa haba duniani, na sehemu ilihitajika kulisha Wajerumani walio chini ya utawala wa Uingereza. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa na sababu nzuri, lakini adui aliyebeba lawama za mabango kwa miaka sita hakuwepo tena. Akina mama walioungana katika chama chao wakajaza kumbi kupinga. Mgao huo ulidumu hadi Julai 1948.

Na fungu la haki lilikuwa na mipaka yake ya ramani. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliozoea kushushwa kwenye bandari za pwani yetu ulikatika. Dar es Salaam nayo ikapata mgao, lakini wakoloni waliupanga kwa rangi ya ngozi: mchele na ngano vikahesabiwa chakula cha Wahindi na Wazungu, Mwafrika akaandikiwa mahindi. Mswahili aliyekula wali maisha yake yote akaambiwa na karatasi ya serikali kwamba wali si chakula chake. Hakuna bango la bucha ambalo lingeweza kueleza hilo.

Hata majarini ya Uingereza ilituachia kovu. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni ya biashara, alipendekeza ukosefu wa mafuta London utibiwe kwa karanga za Tanganyika, na serikali, kupitia Strachey, ikakubali: ekari zaidi ya milioni 3 zifyekwe, nyingi kati yake Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa wenye mchanga mkali ulisaga vyuma vya matrekta, jua la kiangazi likaukausha mgumu kama saruji wakati wa kuvuna, na mvua haikuja kwa ratiba ya ofisi ya London. Mradi ulifungwa Januari 1951, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36. Mama wa London aliendelea kukatiwa kuponi ya majarini hadi Mei 1954.